Samaki wa Kidole na Posa Yangu

Naona haya hata kuisimulia, ila nyie ni watu wangu. Mie mtoto wa Kipawa, fundi simu, bahari naionaga sikukuu tu, lakini mama yake mchumba wangu Mwanahawa, muuza samaki wa Kunduchi aliyekuwa hajajibu posa yangu, aliponiuliza kama nimewahi kutembea mwambani nikamjibu kwamba nimekulia humo (uongo mtupu).

Basi siku ya bamvua, maji yametoka mbali kabisa, akatuchukua mie na Mwanahawa tufuatane na kina mama wenzake kusaka pweza. Akanionya nisiguse kitu. Kwenye kidimbwi kimoja nikaona kama ua, kumbe ni mnyama, vidole vyake laini vinacheza na vinawasha vibaya, na katikati yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanajigaragaza humo kama wako kitandani kwao, wala hawadhuriki. Jamani, wazuri! Nikaona huyu mdogo nimtie kwenye chupa, nimpe mchumba.

Nikapeleka mkono. Yule mkubwa, ambaye hazidi kidole changu cha kati, akanijia akaning'ata, nasogea ananifuata, ananing'ata tena, nikapiga ukelele, nikarudi kinyumenyume, nikateleza, na kitu cha kwanza nilichokidaka kilikuwa kiuno cha mama mkwe. Tukaenda chini wote, na ndoo ya pweza ikapinduka. Mtu na mkwewe wamekumbatiana majini, kina mama wote wanatazama (Mwanahawa alijifunika uso kwa mtandio).

Nikajua posa imekufa. Mama akajikamua nguo, kisha akaniita pale pale kidimbwini. Akanieleza kuwa aliyening'ata ndiye mke. Mume ni yule mdogo, na muda wote ule alikuwa akipepea mayai kwa mapezi yake pembeni ya jiwe. Nikachungulia. Kweli, bado anapepea, hana habari na mie. Nilimpenda mpaka nikasahau aibu yangu.

"Yule mume hakukimbia," mama akasema. "Haya niambie, bahari unaijua?"

"Siijui, mama."

"Sasa tunaweza kuongea."

Leo Mwanahawa yuko dukani kwake, mie nimepakata mtoto, joto kali, nampepea kwa kipande cha boksi. Kumdanganya mkwe sirudii tena. Na bamvua ikifika huwa nakwenda pale kidimbwini, nasimama mbali, mikono nyuma, namwamkia yule mke: shikamoo, mama.