Gari la Baba Lililozimika Kabla ya Thuci

Baba alipofariki alituachia shamba la viazi hapa Kiirua, ng'ombe watatu, na gari jeusi la Kijerumani lenye viti vya ngozi. Alikuwa amelinunua kwa bosi wake aliyekuwa anastaafu, wakati huo mimi niko shule ya msingi, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakilitambua kwa mlio tu. Lilipofika mikononi mwangu, ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, dirisha moja la nyuma lilikuwa halishuki, na ukiwasha taa, kipangusa kioo kilipiga mara moja kisha kikatulia. Sikujua kwa nini. Mengi ya gari lile sikujua kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa historia, na nilikuwa nimeridhika na pikipiki yangu. Lakini wiki moja baada ya mazishi nilimkuta Mama nyuma ya nyumba akilipangusa vumbi, polepole, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba gari lile haliwezi kuuzwa. Hatukulizungumzia. Nilichukua tu ufunguo.

Kila mwezi Mama huenda kumwona dada yake upande wa Embu, karibu na Runyenjes, ambaye siku hizi hatoki kitandani. Baba ndiye alikuwa akimpeleka. Safari yangu ya kwanza ilikuwa tamu hadi Chuka. Tulipoupita mji na kuanza kuteremka kuelekea mto Thuci, injini ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Nilifungua boneti nikatazama ndani, maana ndivyo nilivyoona wanaume wakifanya. Mama alimenya chungwa. Baada ya kama saa moja nilijaribu tena, likawaka lenyewe, na likatufikisha kama gari ambalo halijawahi kufanya kosa.

Fundi wa kwanza, wa hapa Kiirua, alisema ni pampu ya mafuta. Pampu ikaagizwa Nairobi. Ya kwanza haikuingia, ikarudishwa, ya pili ikaingia, na kwa ajili yake ndama mmoja akaondoka zizini. Mwezi mzima niliendesha gari shuleni na hadi Meru mjini bila tatizo. Tulipokwenda Embu, likazima. Tena kabla ya Thuci.

Fundi wa pili alikuwa Mitunguu. Alisema ni koili, inayopeleka umeme kwenye plagi, tukabadilisha koili na plagi zote. Likazima pale pale. Wa tatu aliniambia kwa huruma kwamba kompyuta ya gari imekufa. Wa nne alicheka hadi akaketi chini. "Mwalimu, hii gari ni ya zamani sana. Kompyuta gani?" Sikujua nimwamini nani. Kila mmoja aliliendesha kuzunguka soko, akarudi akisema liko sawa, na ilikuwa kweli, lilikuwa sawa.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati huo. Nilianza kuliogopa lile eneo. Mimi, ninayewafundisha watoto kutafuta chanzo cha kila tukio, nilianza kujiuliza kama kuna kitu Baba alichokifanya pale, au alichoahidi, ambacho sisi hatukijui. Tukikaribia mteremko ule nilikuwa napunguza mwendo bila sababu.

Safari ya tano lilipozima, sikushuka. Nilikaa tu. Mama akanitazama.

"Leo pia hufungui ile kitu?" akauliza.

"Kitu gani, Mama?"

"Ile ya petroli, pale nyuma. Baba yako alikuwa anasimama hapa, anafungua, inalia fsss, anafunga, tunaenda."

Nilishuka, nikazungusha kifuniko cha tanki. Kikalia. Ulikuwa mlio mrefu wa hewa ikivutwa ndani. Nikarudi, nikawasha. Injini ikaitika mara moja.

Sikuondoa gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri unajua. Wewe ndiye umesoma. Na mafundi wote hao! Mimi nilidhani baba yako anaangalia kama petroli imeibwa."

Nikaanza kucheka, kisha nikajikuta sicheki tena. Nikamwambia juu ya ndama, ingawa alijua, na juu ya pampu na koili, na kwamba nilifanya yote hayo kwa sababu yake, kwa kuwa nilijua jinsi anavyolipenda gari hili.

"Mimi?" Mama alishangaa kwelikweli. "Hii gari inaniumiza mgongo tangu ujana. Nilikuwa nafikiri ni wewe unaipenda. Ndiyo maana nikanyamaza."

"Lakini nilikuona ukiipangusa!"

"Ilikuwa chafu."

Tulivuka Thuci, tukafika kwa dada yake. Sijui Mama alikuwa anafikiria nini. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho tuliulizana jambo moja kwa moja katika nyumba yetu.

Wiki iliyofuata nililipeleka Meru mjini kwa mzee mmoja Mwislamu, fundi wa magari, aliyewahi kumhudumia Baba. Aliingia chini ya gari, akatoka na kipande cha mrija mwembamba. Ndani yake nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo, na udongo huo ulikuwa mgumu kama matofali.

"Tanki linapumua kwa mrija huu," akaniambia. "Ukiziba, petroli inatoka lakini hewa haiingii. Ukienda karibu, huoni kitu. Ukienda mbali, injini inakosa mafuta, hadi ungoje hewa ipenye polepole au ufungue kifuniko, kama unapojaza petroli ukirudi."

"Umeziba tangu lini?"

"Huu? Miaka, mwalimu. Na baba yako alikuwa anakuja hapa kila mara, tunakunywa chai. Hakuniambia hata siku moja."

Kwa nini hakumwambia? Mzee aliuzibua mrija kwa dakika kumi tu. Labda alijua na hakujali. Labda alipenda kusimama pale na kunyoosha miguu, mkewe akiwa ndani. Nimemuuliza Mama, na yeye anasema hajui, alikuwa hamuulizi.

Gari tuliliuza kwa shemeji ya mzee huyo, anayeishi Maua na kubeba maharusi. Aliponiuliza lina kasoro gani nilimtajia dirisha, viti na kipangusa, kisha nikakwama, nikahisi kwamba kuna jambo jingine la kusema na silipati. Alilipa, akapiga honi mara mbili langoni. Mama hakutoka jikoni. Nilipoingia alikuwa amenipa mgongo akikatakata sukuma wiki, na nilimwendea nikamuuliza kama analia.

"Ndiyo," akasema. "Ngoja chai iive, tutaongea."