Debe Juu ya Kata

Pilipili iliyokauka ina harufu mbili. Ya kwanza ni tamu kidogo, inakaribia ya tumbaku, na hiyo unaipata hata ukipita mbali. Ya pili pua haiijui kabisa, inakukamata kooni ghafla, unakohoa mpaka machozi yanatoka, na waliokaa karibu nawe wanacheka mpaka na wao inawakamata. Nyumbani kwetu, kwenye mteremko ulio chini ya Matembwe, msimu wa pilipili kichaa tulikohoa na kucheka hivyo tangu asubuhi. Zilianikwa uani kwenye majamvi, nyekundu mpaka macho yanachoka, na ukungu ukianza kushuka tulizikimbiza ndani kama watoto wachanga. Kazi yetu watoto ilikuwa kunyofoa vikonyo. Usiku vidole viliwaka, na bibi, mama yake baba, alitupaka mafuta huku akituonya tusiguse macho. Mimi niligusa. Kila mwaka niligusa.

Kipimo cha kijiji kilikuwa kisado, kopo la rangi la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka liliwahi kupaka nyumba ya nani. Kila mji, yaani kila kaya, ulikuwa na chake, na visado vinne vilijaza debe. Ukienda kuazima maharage kwa jirani, anakujazia mpaka yanafanya kichwa, yaani kile kilima cha juu ambacho ukikigusa tu kinaporomoka, na siku ya kurudisha unarudisha na kichwa chake. Kupitisha kiganja juu ya kopo ili kichwa kianguke tuliita kufuta, na aliyefutiwa ni mgeni, mtu anayepita njia. Jirani humfutii. Na msibani ndiyo kabisa. Wanawake walikuja na visado vya maharage na unga vimejaa mpaka wanatembea kwa hatua za bibi harusi, wakamimina kwenye tenga kubwa nje ya jiko, na yaliyomwagika chini hayakuokotwa. Yalikuwa ya kuku. Sisi watoto tulimjua marehemu aliyependwa kwa kuwaangalia kuku wa mji wake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza anachotaka na anakotaka, mitumba imeanza kufika, sabuni imerudi madukani. Zamani pilipili tulikula wenyewe, hakuna aliyeziulizia. Mwaka huo likapanda lori kutoka Makambako, na juu ya magunia matupu ameketi Shabani, mfanyabiashara mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na sauti ya kuchekesha watu. Alisalimia kwa Kibena, "Kamwene!", akakosea matamshi makusudi ili tucheke, nasi tukacheka. Mimi nilimpenda siku hiyohiyo. Alisema Makambako kuna treni ndefu kiasi kwamba ukianza kuitazama ukiwa na njaa inaisha umeshasahau, na tangu hapo nikawa nalala na kuamka ndani ya treni hiyo. Shabani alitafuta nyumba ya kuachia debe lake, mtu wa kumpimia pilipili kabla lori halijarudi. Akachagua kwetu. Malipo ya mama yangekuwa mabati.

Naomba nieleweke kuhusu mabati hayo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi zilizochoka, na mvua za kwetu hazipigi hodi. Mama alikuwa anaamka kusogeza kitanda cha bibi kutoka kona hii kwenda ile, na kikohozi cha bibi hakikuwa cha pilipili. Baba alikuwa porini akipasua mbao, anarudi siku chache kwa mwezi. Kwa hiyo mama aliposikia neno mabati hakuuliza jingine. Alilipokea debe kwa mikono miwili, nami nikalisugua kwa majivu mpaka nikaiona sura yangu.

Bibi ndiye aliyeliona kwanza. Kitako chake kilikuwa kimepondwa kwa nyundo kutoka ndani, kikatokeza nje kama tumbo, na ukiliweka chini linayumba. Mama akachukua kata yake ya kitambaa, ile aliyobebea maji kichwani, akaiweka chini na kulikalisha debe juu yake. Likatulia.

"Mkwe wangu," bibi akasema, "hilo debe lina mimba."

"Mama, usiseme kwa sauti."

"Nisiposema mimi watasema wenzako. Mimba haifichwi kwa kata."

Jumamosi, Shabani akiwa bado hajaondoka, wanawake walikuja na pilipili zao. Wa kwanza alikuwa Mama Faraja, jirani yetu wa mpakani, rafiki wa mama kiasi kwamba walinyonyeshana watoto mmoja akienda shamba. Alikuwa amepima kwake visado vinne vya kichwa, debe kamili, na alitembea kwa raha. Mama akamimina. Shabani akalitikisa debe, akakandamiza kwa kiganja, pilipili zikashuka ndani na kuacha nafasi ya kutosha kuku kutagia.

"Ongeza, mama yangu."

"Niongeze nini? Hilo ni debe."

"Debe likijaa linaonekana. Hili limejaa?"

Mama Faraja alimgeukia mama. "Mama Neema, hiyo kata ya nini?"

"Lisianguke," mama akasema, macho yake yakiwa kwenye pilipili.

"Debe la kukalishwa kama mtoto asiyekaza kiuno! Na wewe ndiye yaya wake?"

Wanawake wakacheka. Shabani akacheka nao, hakukasirika hata kidogo. "Jamani mama zangu, sasa hivi ni ruksa. Ruksa kuuza, na ruksa kurudi nazo nyumbani mkaungie mchuzi."

Mchuzi gani utakula gunia la pilipili? Makambako ilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Mama Faraja alirudi nyumbani, akaleta kisado cha tano, akamimina. Kikaingia chote. Aliondoka bila kuaga, na nakumbuka mama alitaka kumwita, mdomo ukafunguka, kisha akasema, "Mwingine alete."

Msimu ule wote ulikwenda hivyo. Hakuna aliyetugombeza. Ila nikienda kuazima chumvi nilipewa kwenye karatasi, si kwenye kikombe. Shuleni Faraja, tuliyekuwa tunakaa dawati moja, aliniuliza mbele ya wenzetu, "Mama yenu anajifungua lini? Tulete nguo za mtoto?" Nikacheka, maana mimi nilikuwa mtu wa kucheka, na nikarudi nyumbani nikamwambia mama kama kichekesho. Mama alikuwa anasonga ugali. Aliendelea kusonga muda mrefu baada ya ugali kuiva.

Mabati yalikuja, baba akayapigilia. Yalimetameta mpaka watu wa ng'ambo ya bonde waliyaona. Bibi alilala chini yake akilalamika. "Nyasi zilikuwa zinanifunika, hizi zinanipigia ngoma." Ulipofika ule upepo wa baridi wa katikati ya mwaka, mabati yaligeuka barafu juu ya kichwa chake, na kikohozi ambacho mvua ilikuwa imekiacha, baridi ilikizidisha. Alikufa alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Wanawake walikuja wote. Sitaki kusema uongo, walikuja. Walichota maji, waliimba, walimfunga mama kanga kiunoni na kumshika alipolegea. Mchana wakaanza kuleta vyakula. Mama alikuwa amekaa karibu na jiko, mimi miguuni pake, na tenga liko mbele yetu. Mama Faraja akafika na kisado cha maharage kimejaa kichwa kizuri. Alisimama. Halafu akapitisha kiganja juu ya kopo, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi mezani, kichwa kikaangukia kwenye kikapu chake mwenyewe, na yaliyobaki akamimina kwenye tenga. Hakumtazama mama. Wa pili akaja, akafuta. Wa tatu akafuta. Mpaka jua linainama hakuna kisado kilichomiminwa na kichwa. Bibi, ambaye walimpenda, ambaye ndiye aliyelitania debe lile, alizikwa kama mgeni anayepita njia, kwa sababu alikuwa wetu. Kuku walizunguka tenga, wakaparua ardhi safi, wakaondoka. Nilimsikia mama akilia kilio kingine, tofauti na kile cha asubuhi.

Lori liliporudi, mama alimrudishia Shabani debe lake, pamoja na kata. Shabani hakuuliza. Alilipeleka nyumba nyingine, upande wa kanisani, na huko likapima miaka. Watu wa nyumba ile hawakuitwa jina lolote. Kijiji kilikuwa kimeshazoea.

Leo nauza maharage na pilipili Lyamkena, hapahapa Makambako, na treni naisikia kila siku. Si ndefu kama ya Shabani, lakini bado nikiisikia naacha kazi. Nina mizani. Mteja akisema "niongezee", naongeza, mshale unasogea, anaona kiasi nilichompa na tunaachana kwa amani. Siwezi kuulaumu mshale. Mama anaishi nami, amezeeka, na kisado chake kiko chini ya kitanda. Kila msiba wa nyumbani alikwenda nacho, akakijaza mpaka kinamwagika, akamimina. Wenzake walipokea, wakasema asante. Ukifika msiba wetu, walifuta.

Mwaka juzi Mama Faraja alifariki. Tulipanda basi mama na mimi. Kwenye uzio wa kwao mama alichuchumaa, akakijaza kisado maharage kwa mikono miwili, akakipandisha kichwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona, akaingia nacho akiwa amezuia pumzi. Kwenye tenga alikuwepo binti wa Faraja, msichana mwenye adabu, aliyezaliwa baada ya hayo yote.

"Shikamoo bibi. Jamani, umejaza mno, yatamwagika bure!" Na kabla mama hajafungua mdomo, alipitisha kiganja, akakikinga kile kichwa chote, akashika pindo la kanga ya mama na kukifunga humo kwa upendo. "Haya utakula kwako, bibi yangu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akasema.

Njia nzima alilishika fundo lile. Tulipofika Lyamkena hakuingia ndani. Alizunguka uani, akalifungua, akayamwaga chini.

"Mama, si tungeyapika?"

"Si ya kupika haya."

Kuku wa jirani wakaja mbio.