Matundu ya Sindano

Mtaani walimwita Vifungo, kwa sababu muda wote alibana vifungo viwili vitatu midomoni, hata akiwa anasalimia watu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mzito wa maneno, mwepesi wa mikono. Tena alikuwa na ugonjwa wake mmoja usio na dawa. Kila siku kabla ya kufunga duka, lazima achukue kipande cha kitambaa kilichobaki, ukubwa wa kiganja, adarizi jambo moja aliloliona siku hiyo. Paka juu ya ukuta. Mteja aliyenenepa akakana katakata kwamba kanenepa. Jioni kipande kile kilikwenda kwa mama yake.

Mama alikuwa haoni, mwaka wa sita sasa. Alivisoma vipande kwa vidole. Naye alikuwa fundi enzi zake, fundi wa kuogopwa, kwa hiyo alianza na kitambaa: "Hii sare ya shule. Leo umeshona sare." Kisha picha. Kisha akageuza upande wa nyuma, akakagua mafundo, akaguna. "Lete siku yangu," ndivyo alivyodai kila jioni, na bila hiyo chakula hakikushuka.

Ndipo ikaja dhoruba. Sitaisimulia sana, aliyewahi kuipata anaijua, na ambaye hajaipata asiiombe. Mama na mwanawe walihamishiwa shuleni mapema pamoja na nusu ya mtaa, wakapewa kona ya darasa. Upepo ulipotulia, Vifungo akaenda kuangalia nyumba. Nyumba ya nani? Ulibaki ukuta wa mbele peke yake, na mlango wake, na kufuli lake limefungwa vizuri kabisa.

Nyumba ile mama aliijenga kwa cherehani, gauni baada ya gauni, miaka ishirini na moja. Na muuguzi aliyempima mama presha pale shuleni alikuwa amemvuta Vifungo kando akamwambia, "Huyu asishtuliwe." Basi aliporudi darasani akasema, "Paa limevuja kidogo tu, mama."

Mama akapapasa mikono ya mwanawe. Halafu akauliza, "Siku yangu iko wapi?"

Haikuwepo. Duka lilikuwa limejaa tope hadi kwenye meza. Siku tatu zikapita hivyo, mama akawa anaisukuma sahani pembeni, hasemi na mtu. Vifungo akaingiwa na hofu ya kweli kwamba mama yake anamwishia mkononi. Akazunguka darasa zima akiomba sindano na uzi.

"Watu wanatafuta sufuria, mwenzetu anatafuta uzi," jirani mmoja akamcheka.

"Sufuria nitaazima kwako. Mimi nipe uzi," Vifungo akamjibu.

Siku ya nne alikata pembe ya turubai lililochanika, akaketi barazani. Mkono ukafanya ulichozoea: ukashona alichokiona mwenyewe. Alipokuja kushtuka, nyumba ilikuwa imeshaanguka pale juu ya turubai, vifusi huku, ukuta na mlango kule. Akafumua vifusi vyote, uzi kwa uzi, akaacha ukuta na mlango, akashona juu yake paa zima na maua dirishani.

Mama alikipokea kipande kwa mikono miwili. "Turubai," akasema. Vidole vikapanda ukutani, vikafika juu. "Nyumba yetu. Na paa lake."

"Si nilikwambia, mama."

Mama akageuza nyuma. Kidole kikasimama. Turubai ni gumu, sindano ikipita tundu linabaki. Hata mwanafunzi wa wiki moja analijua hilo, na Vifungo, fundi mzima, alikuwa amelisahau. Mama akayafuata matundu matupu polepole, moja baada ya jingine, mpaka yakaishia mlangoni.

"Kumbe umebaki ukuta wa mbele," akasema.

Vifungo akaangua kilio, cha kwanza tangu dhoruba. "Presha yako, mama. Niliogopa."

"Presha yangu ni hizo siku tatu ulizokaa huniambii kitu. Nilijua kuna jambo. Nikawaza, basi, na huyu naye ameniacha gizani." Naye akaililia, waziwazi, nyumba yake ya miaka ishirini na moja. Jirani akageukia ukutani, akajifanya anakunja nguo.

Mama alipomaliza kulia akajifuta kwa mtandio. "Nipe hiyo sindano." Akaanza kulifumua paa la uongo mwenyewe, mshono kwa mshono, bila kukosea hata mmoja. Maua nayo akayang'oa. Kisha akamrudishia mwanawe kipande.

"Haya, shona ile ya kwanza. Huna haja ya kuchora, matundu yapo."

Vifungo akatunga uzi, akainama. Alikuwa hajafika hata nusu ya vifusi aliposikia mama yake akipapasa sakafuni, akiuliza sahani yake imewekwa wapi.