Jirani wa Ukuta Mmoja, Shati al-Qurum

Bibi Masouda alihamia Shati al-Qurum baada ya kufiwa na mumewe. Mwanawe Muatasim, daktari wa meno, alikuwa amejenga huko, mtaa wa mabalozi na majumba ya kuta ndefu nyeupe. Hakutaka mamake abaki peke yake Matrah, mtaa wa kale wa bandarini, alikoishi tangu alipotoka Unguja akiwa msichana.

Matrah mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa, na apitaye uchochoroni huuliza, "Umepika nini leo?" Shati hapiti mtu kwa miguu. Muatasim na mkewe walitoka asubuhi wakarudi magharibi, na wajukuu walijua Kiarabu na Kiingereza tu.

Mwezi wa kwanza alipika vitumbua akawapelekea majirani wa ukuta mmoja. Alipobonyeza kengele, dereva alimjibu kwa Kiarabu kwenye spika ya geti: mwenye nyumba mgonjwa, hapokei wageni. Masouda akarudi na sahani yake. Aliona haya, hakwenda tena.

Miaka miwili baadaye akasikia jirani amefariki. Akajitanda buibui akaenda kutoa pole. Alipoingia tu ukumbini, akamsikia binti wa marehemu, jina lake Noof, akilia kwa Kiswahili: "Mama, umeniacha na nani?"

Masouda akaketi ubavuni pake. "Mwanangu, kwani nyinyi watu wa wapi?"

"Mama kazaliwa Wete, Pemba. Jina lake Jawaher."

"Mimi nnakaa hapo nyuma ya ukuta," alisema Masouda. "Sikujua, wallahi."

Noof alimtazama. "Miguu ilikuwa haimchukui tena. Mimi nnakaa Sohar, nnakuja Ijumaa tu. Akitamani sana mtu wa kuzungumza naye."

Namagembe, msichana wa Uganda aliyekuwa akimuuguza marehemu, alisimama na birika la kahawa mkononi. "Mama, ni wewe ulikuwa unaongea Kiswahili kwa simu, huko jikoni nje?"

"Ni mimi. Nnazungumza na dada yangu, yuko Unguja."

"Bibi alikuwa ananiambia nifungue dirisha asikilize. Tulidhani ni hadama, mtumishi wa nyumba ile. Nikasema niende nimuite. Akakataa, akasema tutamletea shida kwa matajiri wake."

Masouda alishika mkono wa Noof, wakalia pamoja.

Alikwenda siku zote za matanga, akafinyanga tonge pamoja na wafiwa, akaitikia dua. Watu walipotawanyika, Namagembe akaambiwa anahamishiwa kwa ndugu wa familia, mtaa wa Mabela. Masouda alimkuta barazani na begi lake, gari linamngoja.

"Sauti ya Jawaher ilikuwaje?" aliuliza.

Namagembe aliweka begi chini. "Ndogo, mama. Lakini alikuwa anapenda kucheka."

"Akicheka nini?"

"Mimi. Kiswahili changu."

Masouda alitaka kutabasamu, akashindwa. Akamkumbatia yule msichana, naye akapanda gari.