Mchawi wa Mwisho wa Reli

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu alipata uhamisho wa kwenda Mpanda, na ofisi nzima ikageuka matanga. Huyu anampa pole, yule anamshika bega, mwingine anamwuliza amemkosea nini bosi. Mama wa mapokezi akamnong'oneza asile ovyo kwa watu asiowajua. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakunywa chai yangu, mtoto wa Mpanda mzima mzima, na hakuna aliyekumbuka. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha, rafiki yangu, nikashikwa na hamu ya nyumbani mpaka chai ikanishinda.

Karibu basi Ilembo, nyumbani kwa bibi yangu, miaka ya tisini ilipokuwa bado mibichi. Mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa watu wa Rukwa, na kwa waliotutazama kutoka mbali tulikuwa mwisho wa reli tu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la mahindi na karanga, mbele njia ya vumbi jekundu, na ng'ambo ya uzio wa matete aliishi jirani yetu, mwanamke wa Kinyamwezi mwenye sauti ambayo ungeisikia ukiwa kisimani. Asubuhi nilichota maji, jioni nilipepeta ulezi, na katikati nilikwenda shule, nitake nisitake.

Mji wetu ulizaliwa na mgodi. Ulikuwa mgodi wa risasi, ile risasi ya madini, ingawa wageni wakisikia neno hilo walitazamana wakidhani tunachimba za bunduki. Mimi niliukuta umekwisha kufa zamani. Siku moja tukitafuta uyoga, bibi alinipitisha huko. Niliona misingi ya zege iliyopasuliwa na miti, vigari vya chuma vilivyoliwa na kutu, na vilima vya mchanga wa kijivu ambavyo nyasi zilikataa kuota juu yake. Nikatupa jiwe kwenye shimo na kutega sikio nisikie likigonga chini. Sikusikia kitu. Bibi aliletwa Mpanda kutoka Ufipa akiwa bibi harusi wa mchimbaji, na alisimama pale akaniambia kwamba zamani hizo taa ziliwaka usiku kucha, ukidondosha sindano barabarani unaiokota bila kupapasa. Nilimsikiliza kama anayenisimulia habari za peponi.

Halafu kazi ikaisha, wenye mgodi wakaenda zao, reli ikabaki. Hapo ndipo jina letu lilipoharibikia, kwa jinsi ninavyoona mimi. Reli iliyojengwa kuchukua mali ikabaki kutuletea watu, na wengi wao walishuka wamenuna. Mwalimu aliyegombana na mkubwa wake, bwana afya aliyezidisha pombe, wote ilisemekana wameletwa Mpanda watulie. Mtu aliyeletwa mahali kwa adhabu hawezi kupasifu. Akirudi alikotoka lazima awe na simba wa kusimulia, na radi, na uchawi, la sivyo mateso yake yataonekana madogo. Miji yenye kazi husamehewa mambo mengi, hata wizi na uchafu. Wetu ulikuwa hauna kazi, kwa hiyo haukusamehewa hata mvua.

Jambo hilo lilimuuma bibi kuliko nilivyoweza kuelewa. Alitaka mgeni mmoja, mmoja tu, aje Mpanda apapende na kubaki. Alikuwa na chumba cha uani alichokipaka chokaa kila kiangazi kwa ajili ya watumishi wapya. Walikuja, wakakaa msimu, wakaondoka. Bibi alipaka chokaa tena.

Kwa hiyo siku mwalimu wetu mpya wa hesabu alipokuja, bibi alivaa kitenge chake cha Krismasi tukaenda kumpokea stesheni. Laiti ungeiona treni ikiingia. Ardhi ilianza kutetemeka chini ya nyayo, ndipo honi ikasikika kutoka msituni, ndipo lile dude lenyewe likatokea likihema, na umati mzima ukasogea nyuma hatua moja kama uliozomewa. Watu walikuja hata wasiokuwa na mgeni. Kulikuwa na asali ya Ugalla kwenye madebe, mchele wa Usevya, kuku wamefungwa miguu, na harufu ya mafuta ya injini ambayo mpaka leo nikiisikia nageuza shingo. Mwalimu alishuka akiwa amevaa viatu vyeupe. Alikuwa binti wa Dar es Salaam, mzaliwa wa mjini, mpole, na macho yake yalikuwa yanahesabu watu kama anayetafuta mwizi. Nilibeba begi lake kichwani nikiona fahari kama nimebeba sanduku la maharusi.

Sasa hapa nikueleze jambo, maana ndilo lililotuharibia. Bibi Mfipa na jirani Mnyamwezi walikuwa watani wa makabila, na utani wao haukuwa wa kupoa. Jirani alimwita bibi mchawi tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa Wafipa husemwa kwamba wanaroga na kutuma radi. Bibi alimwita jirani mpagazi, kwa kuwa mababu wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani. Wakikutana njiani walitukanana mpaka wakashikana mikono kwa kicheko. Na utani una sheria zake. Mtani hakanushi, wala haombi radhi. Ukikanusha umeukataa, ukiomba radhi umeuzika. Sisi tulinyonya haya pamoja na maziwa, hatukufikiri kama kuna mtu mzima asiyeyajua.

Jioni ile bibi alipika ugali wa ulezi na uyoga wa karanga, akampakulia mwalimu sehemu nzuri. Kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni, kichwa cha jirani kikatokea juu ya uzio.

"Mwalimu, kula huku unaangalia. Huyo mama mchawi. Usiku humkuti humo ndani, ameshapaa na ungo."

Bibi hakuinua hata macho. "Na wewe mpagazi ndio unanibebea huo ungo," akasema, akaendelea kumenya karanga.

Tulicheka wote. Mwalimu hakucheka. Alirudisha tonge kwenye sahani taratibu, akasema amechoka na safari. Kesho yake alinunua jiko la mafuta ya taa, akawa anapika mwenyewe chumbani, na bibi akasema watu wa mjini wana matumbo mepesi.

Ajabu ni kwamba darasani yule mwalimu alikuwa moto. Hesabu za sehemu, zilizokuwa zinatutoa jasho, alizifundisha kwa chungwa na kisu, tukazielewa na chungwa tukalila. Darasa letu lilikuwa limekaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo. Tulianza kumpenda, na naye nilimwona akianza kuyeyuka. Alikubali karanga mbichi kutoka kwa bibi, kwa kuwa karanga yenye ganda haina pa kutiwa kitu. Bibi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu atabaki, na nilivyomwona anavyotabasamu nami nikaamini.

Kisha mvua zikafika. Mvua za Mpanda ni kitu cha kukaa kimya na kukitazama. Wingu lilipanda mchana kutoka upande wa mbuga ya Katavi, jeusi tii, kuku wakaingia kulala, na upepo ukaleta harufu ya udongo kabla tone halijaanguka. Tulisimama barazani, bibi, mwalimu na mimi. Radi ikapiga mti wa porini uitwao mtundu, uliokuwa mpakani mwa shamba. Nilichoona ni weupe tu. Niliporudiwa na macho, mti ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini na ndani yake unafuka moshi, mvua ikiunyeshea. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Ndipo sauti ya jirani ikavuka uzio, ikishindana na ngurumo.

"We Mfipa, hiyo ulikuwa unamtumia nani? Mbona umekosa shabaha?"

Mwalimu aligeuka akamtazama bibi. Bibi alikuwa anacheka.

Mwalimu alifungasha vitu vyake jioni ile ile, na asubuhi ya treni alitoka bila kuaga. Bibi alipoona kitanda kimetandikwa na begi halipo alikaa kwenye kizingiti kama aliyevunjika kiuno. Jirani alikuja, akasikia, akavaa kandambili zake. Bibi akamkataza. Alimwambia aache, wageni huondoka, ndiyo kazi yao. Jirani hakusikia, akashika njia ya stesheni, nasi tukamfuata.

Tulimkuta mwalimu amekalia begi lake, uso umevimba kwa kulia. Na hapo, mbele ya wauza asali, wapagazi wa stesheni na mkuu wa stesheni mwenyewe, jirani yetu alipiga magoti kwenye kokoto kama wapigavyo Wanyamwezi kwa watu wanaowaheshimu.

"Mwalimu, mimi ndio mwongo. Nilikuwa natania. Huyu sio mchawi, ni dada yangu. Nisamehe, na yeye anisamehe."

"Inuka, mpagazi," bibi akasema. "Unachafua kitenge."

"Nisamehe, dada," akasema jirani.

Nilimwona mwalimu akimtazama yule mwanamke mkubwa aliyepiga magoti, kisha akamtazama bibi aliyesimama wima, na nikaona anachowaza kama nimeandikiwa ubaoni. Alikuwa anajiuliza ni uwezo gani huu unaompigisha mtu magoti juu ya kokoto. Alimpa bibi shikamoo ya haraka, akapanda behewa. Honi ikalia, ardhi ikatetemeka, nasi tukarudi nyumbani na hesabu zetu za sehemu.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma. Tangu siku ile jirani hakutania tena. Alikuwa amelitamka neno la radhi mbele ya watu, na utani ukafia pale pale kwenye kokoto. Alipita kwenye njia akimwamkia bibi vizuri, dada umeamkaje, dada habari za shamba, na bibi alimjibu vizuri vile vile. Uani kwetu kukawa na adabu kama ya zahanati. Bibi aliacha kupaka chokaa kile chumba. Jioni moja tukimenya karanga alikaa muda mrefu akiutazama uzio.

"Tangu aanze kuniheshimu," akasema, "sina mtu."

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona machozi ya bibi. Kuitwa mchawi hakukuwahi kumliza.

Alifariki wakati wa kuvuna ulezi, muongo ule ukielekea mwisho, mimi nikiwa sekondari. Katika msiba jirani alikaa pembeni ya jiko bila utani wowote, akichambua mchele. Nilimtazama nikahuzunika mara mbili, maana mtu kuzikwa bila mtani ni kama kusafiri bila kusindikizwa. Wanaume wakainua jeneza. Walipofika mlangoni hawakupita. Jirani alikuwa amesimama katikati ya mlango, amevaa kitenge cha bibi cha Krismasi nje ndani, na ungo kichwani.

"Hapiti mtu," akasema. Kisha akaligeukia jeneza. "We mchawi, leo nimechoka. Nimekubeba miaka yote hii. Shuka utembee mwenyewe."

Katekista alifunga kitabu chake cha nyimbo akasubiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa pale na alijua desturi ya watani misibani. Kicheko kilianzia jikoni kwa akina mama, kikatoka uani, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Mimi nilisimama nimeshika mdomo. Aliendelea kumtukana bibi mpaka sauti ikamkauka. Halafu akavua ungo, akamsogeza kando mmoja wa wabebaji wa mbele, akaingiza bega lake. Wanaume walitaka kumzuia, kwa kuwa si kazi ya wanawake. Akawauliza tangu lini Mfipa akabebwa na mwingine mpagazi wake akiwa hai. Wakamwachia.

Nyuma yangu alikuwepo nesi mgeni, aliyeshuka kwenye treni wiki si nyingi kabla. Alinivuta mkono akaniuliza kwa nini wanamtukana marehemu, na kama ni kweli alikuwa mchawi. Nilifungua mdomo nimweleze, lakini msafara ulikuwa umeshaanza kwenda na nilitaka kuwa karibu na bibi.

Siku hizi lami imefika, mji umekuwa makao ya mkoa, na uzio wa matete umekuwa ukuta wa tofali. Watani wamebaki wachache. Makaburini watu wanapeana pole za adabu na kuangalia simu, na mtoto akimwita jirani jina la utani anachapwa. Ni sifa ile mbaya tu iliyobaki, nayo inazungumzwa na watu ambao hawajawahi kuwa na mtani Mpanda.

Yule nesi hakukaa. Najua alikokwenda amesimulia kwamba mwisho wa reli kuna watu wanaomwita maiti mchawi mbele ya katekista. Hakudanganya, alisikia kwa masikio yake. Ila alirudi nyumbani mapema, hakufika nasi makaburini, hakuona jeneza liliposhushwa na yule mwanamke akabaki ameinama upande mmoja, hataki kunyoosha bega.