Mbweko wa Dirisha la Watoto

Nesi wetu wa dirisha la watoto hapa hospitalini hatazami kwanza, anasikiliza. Ukimwambia mtoto anakohoa, anachomeka kalamu nyuma ya sikio na kukuuliza, "Anakohoaje? Hebu niigizie." Basi nimeona mababa wazima wenye tai wakibweka mbele ya foleni, naye akiwasahihisha: "Aa, shemeji, huyo mbwa mkubwa mno!" Jana mama mmoja aliingia mbio na binti wa miaka miwili. Binti huyo alibweka kweli kila alipokohoa, na kila alipovuta pumzi koo lilipiga mluzi. Mama alikuwa akimpanua mdomo kwa nguvu achungulie koo. Utani wa nesi haukukoma, ila sauti ilishuka. "Mwache mdomo, dada. Mpakate wima, asilie. Akilia koo linazidi kubana." Huku akimkonyeza mtoto, alichungulia kifua kilivyobonyea kwa kila pumzi, na mkono wake ukamwita daktari kimyakimya. Mtoto akapewa dawa ya kushusha uvimbe wa koo, kisha mvuke wa dawa. Nesi hakukaa tena kitini. Baada ya saa tatu binti akambwekea nesi kwa mchezo, naye nesi akambwekea. Binti akacheka, akavuta pumzi acheke tena, na mluzi haukusikika. Hapo ndipo nesi alipoketi. "Haya, mbwa anayefuata!"