Siku Tulipozikatia Umeme Seva Mbili

Mkuu wa fedha wa kampuni yetu ya kusambaza dawa alikuwa Mkenya kama mimi, mzee wa kanisa ninamoabudu, na ndiye aliyenionyesha tangazo la kazi hii nilipofika Johannesburg. Siku tulipokaa ofisini Braamfontein kuamua ni mfumo endeshi gani utakaobeba programu mpya ya stoo na ankara, kila mtu mezani alijua kwamba yeye anataka Windows, na kwamba mimi, msimamizi wa seva, nimependekeza Linux.

Tulijadiliana kwa Kiingereza mpaka alipoona mkurugenzi wetu, mama Mzulu asiye na papara, anaelekea upande wangu. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili huku akitabasamu, "Dada, mimi ndiye niliyekuleta hapa. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Amesema nini?" mkurugenzi akaniuliza.

"Ananiomba nifikirie vizuri," nikajibu. Kabla hajauliza tena nikaongeza kwamba tusibishane kwa maneno. Tuweke seva mbili kwenye ghala letu la Rosettenville, moja kwa kila mfumo, kisha tukate umeme watu wakiwa kazini. Mji huu umeme haupigi hodi ukiondoka.

Seva ya Linux niliiandaa na mwenzangu kazini kutoka Soweto, rika langu, aliyekuwapo kwenye kikao kile na aliyetumia wikendi zake kujifunza mfumo huo kwa ajili ya kazi hii.

Siku ya jaribio, mkurugenzi na yule mzee wa fedha wakitazama, tulichomoa betri za akiba, nikashusha swichi kuu. Nilipoirudisha, seva ya Windows ilijivuta mno, hata mzee akaanza kupangusa miwani, lakini mwishowe programu ya stoo ikafunguka yenyewe. Yetu iliwaka upesi, kisha ikakwama kwenye skrini nyeusi ikisubiri amri.

"Eish," mwenzangu akasema. Akainamia kibodi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mlangoni lori la kliniki lilikuwa linanguruma, dereva akipiga honi. Nikamgusa bega, akanipisha. Niliandika mstari mmoja na programu ikafunguka.

"Siku usipokuwepo," mkurugenzi akaniuliza, "nani atafanya hivyo?"

"Mimi," mwenzangu akadakia.

Mkurugenzi aliendelea kunitazama mimi. "Yuko tayari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kasoro ile ilikuwa ndogo, ya kurekebishwa asubuhi moja. Lakini zingekuja nyingine, na ghala lile ndilo linalopeleka insulini. Nilihisi macho ya mzee yakiniwasha shavuni.

"Bado," nikasema. "Tuchukue Windows."

Nilirudi na mwenzangu kwenye gari langu. Taa nyekundu ya robot ya kwanza, kama wanavyoita taa za barabarani hapa, iliposimamisha magari, akaniuliza, "Mzee alikuambia nini siku ile ya kikao, kwa lugha yenu?"

Nikamwambia.

"Sharp," akasema, yaani sawa, akageukia dirishani.

Jumapili, nje ya kanisa, mzee alinishika mikono yote miwili. "Asante, binti yangu. Damu nzito kuliko maji."

"Sikukufanyia wewe, Mzee."

Akacheka, kana kwamba ninajinyenyekeza tu.

Kicheko kile kilinikosesha raha mchana kutwa. Jumatatu nikaingia kwa mkurugenzi, nikamtafsiria maneno ya mzee yote, bila kuyapamba.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Na uamuzi wako haujabadilika?"

"Haujabadilika."

"Basi niandikie sababu zako. Yeye nitamwita mwenyewe."

Walichozungumza sikukijua. Programu inafanya kazi hadi leo. Mzee hunisalimu kwa kutikisa kichwa tu, na mkewe ameacha kunialika chakula. Mwenzangu nilimwachia seva ya Linux aifanyie mazoezi. Anaimudu vizuri siku hizi, na juzi aliniita nikague kazi yake. Tukakaa bega kwa bega kwa muda mrefu. Kama anasadiki kwamba siku ile sikumpendelea mzee, hajaniambia, nami sijamuuliza.